Ugwe wa Bibi na Fulana ya Kosmasi

Harufu ya sufu iliyolowa haifanani na harufu nyingine yoyote, isipokuwa labda ya mbuzi aliyenyeshewa akaingia ndani kuota moto bila kukaribishwa. Hiyo ndiyo harufu ya nyumba yetu ninayoikumbuka, katika kijiji cha misheni juu ya Mlali, enzi za Mdachi, nami nikiwa na miaka minane au tisa. Siku zile hakuna aliyetuandikia miaka isipokuwa padri, na kitabu chake hakikuwa cha kuchezewa na watoto. Wengine wakisimulia utoto wao hutaja harufu ya maua au ya mkate wa kumimina. Mimi nataja mbuzi aliyelowa, moshi wa mafigani na maziwa ya mama yaliyoganda kwenye kanga, wala sioni haya. Hata leo nikipita madukani mjini Morogoro nikaona masweta yametundikwa, huushika mkono wa mojawapo nikaunusa, mpaka mwenye duka anadhani bibi kizee huyu ana lake jambo. Haunuki chochote. Naurudisha mkono wa watu, naenda zangu.

Sufu yetu ilitoka kwa Sista mmoja mzee, ambaye mama alimfulia nguo wakati angali msichana na ambaye ndiye aliyemfundisha kufuma. Siku moja baada ya misa alimwita mama nyuma ya jiko la masista akampa shali yake ya kijivu yenye ukingo mwekundu, iliyoliwa na nondo mpaka ikawa kama chekeche. Mama aliipokea kwa mikono miwili na akapiga goti. Siku tatu tulikaa kuifumua. Kazi yangu ilikuwa kunyoosha mikono mbele kama mtu anayepokea kuni, uzi uzungushwe juu yake, na kila ulipokatika mama aliuunga kwa fundo dogo alilolilowesha kwa mate. Kisha aliufua, akautundika juu ya moto na kuufunga jiwe chini, kwa kuwa uzi uliofumuliwa hujikunja vilevile ulivyokuwa umekaa na hauachi tabia hiyo mpaka ulazimishwe. Ndipo nyumba nzima iliponuka mbuzi. Sindano zake zilikuwa mbavu za mwavuli wa padri, uliopinduliwa na upepo wa mlimani, na mama alizinoa juu ya jiwe la kunolea majembe.

Mama alikuwa amezaa wanne. Mimi Tekla nilikuwa wa kwanza, akafuata Agnesi, aliyekuwa na miaka minne na ndiyo kwanza anajifunza kusema uongo, akafuata Damiani, halafu Kosmasi, aliyezaliwa mvua za masika zilipokuwa zinaanza. Baba alikuwa amekwenda kufanya kazi ya reli, akirudi nyumbani mara chache. Wadachi walikuwa wanaisukuma kwenda bara, na kadiri reli ilivyosogea mbali ndivyo baba naye alivyosogea, tukapata habari zake kwa watu waliorudi na homa. Tuliishi uwanja mmoja na Bibi, mama yake mama, kwa sababu kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama na mwanamume ndiye anayehamia. Damiani hakuwa nasi. Alikuwa amelala kwenye makaburi ya misheni tangu kipupwe cha mwaka juzi yake, alipokohoa siku tano na ya sita akanyamaza. Hakuwa na nguo ya maana zaidi ya kipande cha kaniki. Baada ya hapo mama alikuwa hapendi kusikia upepo wa mwezi wa sita, na Kosmasi alipozaliwa alisema mbele yetu sote, akiwa bado hajaoga uzazi, kwamba huyu baridi haitamkuta uchi. Alikuwa na masika yote ya kufanya kazi hiyo. Sisi tulidhani ni muda mwingi.

Lakini mwenye watoto wadogo hana muda, ana vipande vya muda, tena vilivyolowa. Mama alirudi kutoka shambani amebeba kuni kichwani na Kosmasi mgongoni, akainjika chungu cha maharage, akakaa kizingitini, akampa mtoto ziwa, na juu ya kichwa cha mtoto zile mbavu za mwavuli zikaanza kugongana, tik, tik, tik. Kosmasi alizoea kulala kwa mlio ule. Mama akitulia ili aonje chumvi, yeye hufumbua macho. Alihesabu vitanzi kwa Kidachi, kwa sababu ndivyo Sista alivyomfundisha, naye aliogopa kwamba akihesabu kwa lugha nyingine fulana itaharibika. Ains, tsvai, drai. Akifika kumi na kitu Agnesi humwuliza kama chura ana mama, hesabu inapotea, inaanzwa upya. Donge la uzi aliliweka kwenye kikapu kidogo, na kulichunga ilikuwa juu yangu, kwa kuwa kwetu kitu kikianguka hakianguki tu, kinasafiri. Siku moja Agnesi alilirusha. Lilishuka kupitia matuta ya maharage na njegere hadi nyuma ya nyumba ya jirani yetu, Mama Fransiska, nami nikateremka nikiufuata uzi kwa mikono, nikiukwamua jani kwa jani. Nilipoupandisha mama alikuwa amesimama mlangoni na sindano zake, amejiumauma mdomo, hajui acheke au apige. Alicheka. Haba na haba hujaza kibaba, husema watu, lakini naapa kibaba kile kilikuwa na tundu.

Bibi hakuipenda kazi ile tangu mwanzo. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa maneno machache na macho mengi. Alisema nyama ya kondoo anaijua, manyoya yake hayajui. Hata hivyo alivumilia mpaka siku mama alipochukua uzi akataka kumzungushia Kosmasi kifuani ili ajue upana. Bibi aliinuka kwenye kigoda haraka kuliko nilivyowahi kumwona, akaushika mkono wa mama.

"Mtoto aliye hai hapimwi," alisema. "Anayepimwa ni wa kulazwa."

Mama akajibu, "Sawa, Mama," akaurudisha uzi kikapuni. Sote tulielewa, hata Agnesi. Mtu anapofariki kwetu, mwanamke mzima wa ukoo humpima kwa ugwe uliochunwa kwenye gome kavu la mgomba, kutoka utosini hadi kisiginoni, na ugwe huo hupewa wachimba kaburi ili wasikosee urefu. Kazi ikiisha, ugwe huingia shimoni pamoja na mwenyewe. Damiani alipofariki ni Bibi aliyempima. Niliuona ugwe ule mkononi mwa mjomba akiteremka nao kwenda makaburini, na ulikuwa mfupi hata haukuning'inia.

Basi mtoto asipimwe. Na fulana bila kipimo itafumwaje? Mama alifikiri siku mbili huku akilima. Siku ya tatu aliniita. "Tekla mwanangu, mchukue mdogo wako umpakate vizuri, uusikie mwili wake. Halafu nenda darini kwa Bibi ukatafute kibuyu cha unene huohuo." Nilijiona mtu mkubwa. Nilimpakata Kosmasi, nikamweka chini, nikapakata kibuyu, nikakiweka chini, nikampakata Kosmasi tena, mpaka akanichoka akaanza kulia. Vibuyu viwili vilimfaa. Kimoja kilikuwa kimenyooka na mdomo wake mpana, cha kutekea maji. Kingine kilikuwa cha togwa, kina tumbo zuri la mviringo na shingo ndefu, nyembamba, iliyong'aa kwa kushikwashikwa na mikono ya Bibi. Nilichagua hicho cha pili kwa sababu kilikuwa kizuri. Nasema hivi ili ijulikane, kwani mama mpaka anafariki hakuwahi kunilaumu, wala Bibi, na mtu asipolaumiwa hubaki na jambo lake mwenyewe.

Tangu siku hiyo tulikuwa na watoto wawili wachanga nyumbani. Kibuyu kilikaa kwenye mkeka mbele ya mama, na kila alipofuma mistari michache alikivika, akakitazama, akakivua. Ukingo mwekundu wa shali aliutia kifuani, mistari mitatu. Agnesi alikifunga kibuyu mgongoni akakibembeleza na kukiimbia, akakigombeza kwa kukojoa. Bibi aliona yote hayo akayaacha, maana kibuyu hakina mwiko. Mama Fransiska akipita kwenda mtoni alisimama njiani kwa makusudi.

"Mama Tekla, leo kibuyu kimeamkaje?"

"Kimeamka salama, mwenzangu. Ila hakitaki kunyonya."

Wakacheka mpaka Mama Fransiska akatua mtungi chini. Nimeishi miaka mingi baadaye na nimecheka na watu wengi, baadhi yao wenye elimu yao, lakini kicheko cha wanawake wale wawili, mmoja juu ya mteremko na mmoja chini, sijakisikia tena. Nakitamani hasa jioni ninapokuwa peke yangu nachambua mboga.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mama alisikia la mkuu, na bado guu lilivunjika. Asubuhi ya ukungu wa kwanza, ukungu ule mzito wa kipupwe unaoshuka kutoka kileleni na kukaa uwanjani kana kwamba umeitwa, Kosmasi aliamka akikohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, lakini mama alikitambua, nami nilikitambua. Fulana ilikuwa imekwisha jana yake. Ilikuwa juu ya kibuyu, imekaa vizuri mno, mikono miwili imening'inia pembeni na ile shingo nzuri imechomoza juu. Mama aliivua mbio akaanza kumvika Kosmasi. Mabega yalitosha, tumbo lilitosha. Kichwa hakikupita. Mama alikuwa ameikaza shingo ya fulana ili baridi isipenye, akaikaza kwa kipimo cha shingo ya kibuyu, nacho kibuyu kina shingo tu, kichwa hakina. Alivuta, mtoto akapiga kelele ndani ya sufu, akakohoa, akaishiwa pumzi, tukaona miguu yake inarusha mateke. Bibi alimnyakua. Alipotoka ndani ya fulana uso wake ulikuwa umegeuka rangi.

Mama aliketi palepale chini, fulana mapajani, akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona analia kwa sauti, hata siku ya Damiani, maana siku hiyo wanawake walikuwa wengi na sauti zao zilimfunika. Nilisimama karibu na kile kibuyu changu. Nilitaka nikivunje, nikaogopa. Kosmasi alikohoa tena, safari hii kikohozi kilitoka chini zaidi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini nawaambia dada naye anapewa sehemu yake. Mama alisema katikati ya kilio kwamba hata akiifumua shingo hajui kichwa ni cha ukubwa gani, atakosea tena, na siku hazipo.

Bibi alinipa Kosmasi, akatoka nje kwenye ukungu. Tulimsikia akichuna kitu kwenye migomba nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuwa na ugwe mkononi, mkavu, wa rangi ya kahawia, na mama alipouona aliruka akamkinga mtoto kwa mwili wake. Nadhani alifikiri mama yake ameshakata tamaa. Mimi nilifikiri hivyo.

"Acha kulia, mwanangu," Bibi alisema. "Mjukuu mmoja nilimpimia udongo. Huyu nampimia nguo. Na anayesikia, asikie."

Hatukujua alikuwa anasema na nani, kama ni mizimu au Mungu wa misheni au ukungu wenyewe. Alimzungushia Kosmasi ugwe kichwani, akapiga fundo. Akamzungushia kifuani, akapiga la pili. Akaushusha kutoka begani hadi nyongani, akapiga la tatu. Hakumpima kutoka utosini hadi kisiginoni. Hapo ndipo alipoweka mpaka wake. Kisha akampa mama ugwe, akajifungua kanga yake, akambandika Kosmasi kwenye ngozi yake mwenyewe kifuani, akajifunika, akakaa mafigani.

Siku hiyo na siku iliyofuata mama hakwenda shamba. Nyani walishuka wakala mahindi yetu ya mwisho upande wa bonde, tukawasikia wanavyoyavunja, na hakuna aliyeinuka. Mimi nilipika, yaani niliunguza. Agnesi, kwa maajabu, hakuuliza chochote kuhusu vyura. Nyumba nzima ilikuwa kimya, isipokuwa tik, tik, tik, na ains, tsvai, drai, na kikohozi, na baada ya kila kikohozi sindano husimama kidogo ndipo huendelea. Mama alifumua shingo na mabega, akafuma upya, akilaza ugwe juu ya kazi yake kila baada ya mstari, fundo hadi fundo. Mchana wa siku ya pili, jua likiwa limechungulia kidogo kama mgeni asiye na nia ya kukaa, alikata uzi kwa meno. Fulana ilipita kichwani kwa Kosmasi bila kugusa sikio. Alitutazama sote mmoja mmoja, amekasirika, amevaa kijivu na mistari mitatu myekundu kama ofisa. Kikohozi kilikaa siku nyingine nne, siku nne ambazo sitaki kuzisimulia, kisha kikaondoka. Sijui kama aliponywa na sufu, au na kifua cha Bibi, au na sala za mama. Bibi alipoulizwa alisema watu wanaouliza sana hawana kazi.

Vipupwe viwili baadaye vita vikaja. Masista walikwenda zao na yule mzee hatukumwona tena, wala sufu haikuonekana tena milimani kwetu. Mama aliifumua fulana ya Kosmasi akamfumia aliyemfuata, akaifumua tena akamfumia mwingine, na kila mara uzi ulipungua, kwa sababu sufu nayo huzeeka na kukatika. Mtoto wa mwisho alipata kofia tu, yenye mstari mmoja mwekundu. Kwa hiyo hakuna fulana iliyobaki. Kila mmoja wao alivuliwa utoto wake ukaenda kwa mwenzake. Mama alikuwa akiniambia, "Sufu ikipatikana nitakufundisha, Tekla." Sufu ilipopatikana kwa wingi, madukani, ya kila rangi, mama alikuwa hayupo. Najua kuhesabu vitanzi kwa Kidachi na sijui kufunga hata kimoja. Jambo hilo linaniuma kuliko mengi makubwa niliyopoteza. Nikiona sindano mikononi mwa mtu naangalia pembeni.

Siku hizi ukitaka kumvisha mtoto huhitaji kibuyu wala ugwe. Unakwenda mjini, mwenye duka anauliza ana miezi mingapi, unajibu, anakupa, na kama kichwa hakipiti unairudisha nguo akupe nyingine. Ni jambo jema, nisije nikasemwa kwamba nawatakia watoto baridi. Wajukuu zangu hawakohoi kama tulivyokohoa sisi. Ila hakuna kati yao aliyewahi kusababisha watu watatu wakae siku mbili wasiende shamba, wakisikiliza pumzi yake. Wanavaa na kukua, na masweta yao yakiwabana wanayatupa.

Kosmasi alikua akawa mtu wa tumbo na sauti, mkulima wa kabichi, aliyehesabu vikapu vyake kwa ains, tsvai, drai mpaka wachuuzi wa Mlali wakamwita Mdachi. Kipupwe kilichopita kifua kilimrudia. Alikuwa mzee mwenye wajukuu, amezungukwa na mablanketi, na hakuteseka muda mrefu. Asubuhi baada ya kufariki kwake wanawe walikuja kwangu, kofia mikononi, kwa kuwa katika ukoo mimi ndiye mwanamke mkubwa aliyebaki.

"Shikamoo, Shangazi. Tumekuja kuchukua kipimo."

Ninalo kopo la majani ya chai chini ya kitanda. Ndani yake mna ule ugwe wa Bibi, ambao aliuchomeka darini juu ya moshi na haukuliwa na mdudu miaka yote hiyo. Bibi alipofariki mama aliuchukua, na mama alipofariki niliuchukua mimi. Nililifungua kopo, kwa kuwa Kosmasi aliwahi kuniambia, nusu mzaha, kwamba siku yake ikifika nimpimie kwa ule ule, uende naye. Niliukunjua. Fundo la kichwa, fundo la kifua, fundo la nyonga. Yote yanaenea kwenye viganja vyangu viwili. Wale vijana walikuwa wananingoja mlangoni. Nikaurudisha, nikafunga kopo, nikawaambia wasubiri kidogo, nikatoka nje kwenye migomba nikachuna mwingine. Ule ulipimia nguo.